Ile Video ya Mbaraki: Na Mimi Naomba Niseme

Ile video ya mimi kuingia mbio uwanjani Mbaraki, timu yetu ya Mombasa, Bandari FC, ikicheza, ina sekunde 17, na imekatwa. Aliyeikata namjua. Simu aliyorekodia naijua, maana mimi ndiye niliyemdhamini akiinunua, na shilingi 500 zangu alizokopa tangu Ramadhani nazijua vilevile. Hapa nitamwita Mdomo, jina ambalo hata mamake humwita. Mdomo ameitupa video hiyo kwenye kila kundi la WhatsApp la Mji wa Kale, pamoja na makundi mawili ya harusi, na moja la matanga ambamo watu walikuwa bado wanatuma pole. Pole zikakatika hapohapo. Nasikia hata wafiwa wamecheka. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa utani, lakini jamani.

Leo asubuhi nimekwenda kununua mahamri, yule mama akaniuliza bila hata kuinua uso: "Henry, mangapi?" Nikaona basi, heri niseme mwenyewe.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua baraza yetu ya Kibokoni. Ukiniacha mimi, wako kumi na wawili jioni kahawa ikiiva. Watano Manchester United, wanne Arsenal, wawili Liverpool, na mmoja ambaye hungoja mwezi wa Februari aone msimamo wa ligi ndipo atangaze timu yake. Bandari FC haina mtu. Nusu yao wanakula kwa jasho la bandari, huyu kuli, huyu karani wa makontena, huyu dereva wa trela, lakini ukiwaambia Bandari inacheza leo nyumbani, wanakuuliza "Nyumbani wapi?" Wanajua goti lipi la kiungo wa London linauma. Mchezaji wa Bandari akipita hapo kununua viazi karai wanamwambia asiruke foleni.

Mtu pekee anayeniunga mkono ni Ami, mzee wetu, na yeye anaunga mkono ya 1965. Mwaka huo kombe la ligi ya Kenya lilikuja Mombasa, likachukuliwa na timu ya Feisal. Kwa maneno ya Ami, lilikaa mwaka mmoja, likapanda gari la moshi kwenda bara, na mpaka leo halijaaga. Ukimwacha atakutajia Ali Kajo, mchezaji wa enzi hizo, mpaka kahawa ipoe.

Sasa mimi mwenyewe, nisijitie utakatifu, nilikuwa mmoja wa wale wa Arsenal. Wakati huo walikuwa watano. Nilianza 2004, niko darasa la nne, ule msimu waliomaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Nikadhani ndoa yote itakuwa hivyo. Nikanunuliwa jezi ya mtumba Kongowea, imeandikwa HENRY 14, mshambuliaji wao wa wakati huo, mgongoni, kubwa kuniliko, mamangu akasema nitaikulia. Nikaikulia. Miaka iliyofuata siisemi, wenzangu wa ndoa hiyo mnaijua.

Halafu ikaja CHAN, Agosti 2025. Mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani peke yao, na yakachezwa kwetu. Ile Jumapili tuliyomfunga Morocco 1-0 Kasarani, tukiwa tumebaki kumi uwanjani, baraza nzima ililia. Mdomo alilia. Nina picha, na nikikasirika zaidi ya hivi nitaitoa. Hao waliotutoa machozi walikuwa vijana wa ligi yetu hii hii, wa mshahara unaojulikana wenyewe na Mungu. Nikapandwa na mori. Nikasimama mbele ya watu, kikombe mkononi, nikatamka: "Arsenal nimeiacha. Talaka moja, mbili, tatu. Kuanzia leo mimi ni Bandari."

Mmoja akauliza kama itakaa eda. Ami akauliza mali ya pamoja itagawanywaje, yaani ile jezi. Na hapa ndipo nilipojichimbia, kwa sababu kunyamaza kulikuwa bure lakini nikajibu:

"Ile ya Henry? Mama watoto anapigia deki."

Wakapiga makofi. Nikanunua kahawa ya wote.

Miezi mitatu nikawa nawasumbua waje Mbaraki. Mwishowe Jumamosi wakakubali saba, kwa masharti. Ukitaka kumtoa shabiki wa ligi ya Uingereza mbele ya televisheni umpeleke uwanjani, jiandae kumlipia, kumlisha na kumkalisha kivulini. Tuktuk tatu, juu yangu. Tiketi za shilingi 200, watu wanane, juu yangu. Mabuyu, njugu, mhogo wa kukaanga, juu yangu. Ami alitaka na mto wa kukalia.

Kabla sijaingia uwanjani nieleze jambo la mavazi, mnisikilize vizuri, kwa sababu Mdomo hakulieleza. Ni msimu wa vuli. Mvua ilinyesha siku tatu. Fulana zangu zote za ndani zilikuwa kambani, maji yanachuruzika. Jezi yangu ya Bandari ni mpya, inawasha kama upupu, haivaliki ngozi tupu. Nikafungua droo. Ndani ya droo mlikuwa na kitu kimoja tu kikavu.

Basi. Nimeeleza.

Mechi ikaanza saa tisa. Dakika ya tano, mpira wa kwanza ukatoka nje, mmoja wao akauliza: "Marudio wanaonyesha wapi?" Mwingine akataka kujua mbona hakuna mtangazaji. Nikasema mimi nipo. Nikainuka, nikasimama mbele yao, nikaanza: huyu ni nani, yule ametoka timu gani, huyu mguu wake wa kushoto mtauona. Ikawa kila nikitangaza, uwanja uko mgongoni kwangu na wao wako usoni kwangu. Kosa la kwanza la mtangazaji yeyote, nadhani.

Ikafika saa tisa unusu. Wazungu walikuwa wameshazirudisha saa zao nyuma kwa ajili ya baridi yao, kwa hiyo ile mechi yao ya mapema, ambayo Agosti huanza saa nane unusu, sasa huangukia katikati ya mechi yangu. Na siku hiyo aliyecheza mapema alikuwa mtalaka wangu. Nikaona simu moja inatoka. Halafu ya pili. Nikageuka kutazama jukwaa, nikakuta si hawa wangu pekee, safu tatu nyuma yetu watu wameinama kama wanasoma msahafu. Bando zinaungua. Ndani ya uwanja wa Bandari, mechi ya Bandari ikiendelea!

Tukafungwa moja kabla ya mapumziko. Aliyeona ni mimi na Ami, na Ami alidhani ni offside.

Kipindi cha pili, kama dakika ya sabini na kitu, nimewakasirikia. Nimesimama, nimeipa mechi mgongo, kidole juu, nawapa khutuba. Nimefika 2019. Nawaambia tulivyochukua ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, mwaka ule, tulivyokwenda kucheza Afrika, tulivyowatoa Ben Guerdane wa Tunisia. "Tunisia!" nawaambia, "Tunisia, nyinyi mnaojua London tu..."

"GOOOOO!"

Jukwaa zima likaruka. Mabuyu yakamwagika. Mdomo akapanda juu ya kiti. Nyuma wanakumbatiana, mtu ananipiga begani, mtu analia "tumesawazishaaa!" Nami, jamani, mnielewe: nimewaleta mimi, nimewalipia mimi, nimewahubiria miezi mitatu, na sasa hawa hapa wanalirukia bao la Bandari. Machozi yalinitoka. Sikugeuka kutazama. Ningetazama nini? Shangwe ninaiona kwa macho yangu.

Nikageuka nikiwa tayari nakimbia.

Pale mbele kuna reli ya chini. Nikairuka. Umri wangu na kitambi changu tuliiruka pamoja, yeye akafika baadaye kidogo. Nikatua kwenye nyasi, nikashika pindo la jezi nikaanza kuivua huku nakimbia, ile ya wachezaji wakubwa, ya kuizungusha hewani. Ikafika shingoni. Ikakwama. Shingo ya jezi mpya ni nyembamba, na masikio yangu mmeyaona kwenye picha. Kwa hiyo nakimbia, mikono juu, kichwa kimo ndani ya jezi, sioni mbele wala nyuma, napiga kelele "BANDARIIII" na sauti inarudi mdomoni mwangu. Ndani humo ni giza na jasho na furaha tupu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu kuoa. (Mama watoto, kama unasoma, ni namna ya kusema.)

Nikajigonga kwa mtu. Nikamkumbatia. Nikampanda mgongoni. Alikuwa ameinama, nikadhani amesujudu kwa ajili ya bao. Nikambusu kisogo, kupitia kitambaa.

Akasema, kwa upole kabisa: "Bro. Nafunga kamba ya kiatu."

Hapo nikasikia. Nikamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake upande wa pili wa uwanja. Kama bao limeingia, mbona nasikia vikombe? Nikaivuta jezi, ikatoka na ngozi ya sikio. Nikaona kipa wetu, mpira ameuweka chini, mikono kiunoni, anangoja nimalize ili apige. Nikaona wageni wamejipanga katikati, wananitazama. Nikaona refa anakuja, mkono wake umekwenda mfukoni kwenye kadi, akasita, akakumbuka mimi si mchezaji, akaurudisha mkono. Nafikiri huko ndiko kudharauliwa kubaya zaidi katika soka.

Beki wetu wa kushoto, yule niliyempanda, akainuka akanitazama kifuani. Akatazama tena. Akauliza: "Sasa wewe ni wa timu gani?"

Nikatazama chini. Nyekundu. Mikono myeupe. Nilikuwa nimesimama katikati ya Mbaraki, jezi ya Bandari mkononi, mtalaka wangu mwilini, na mgongo wangu, wenye HENRY 14 kwa herufi kubwa, umeelekea jukwaa la Kibokoni.

Kimya kwanza. Kisha sauti moja ya kizee, ile ile iliyonitetea miaka yote, ikasema wazi kabisa:

"Kumbe hakupigiwa deki."

Yaliyofuata si mengi. Soja wawili wakanichukua kwa makwapa, mmoja wao shabiki wa Arsenal, njiani akaninong'oneza "moja moja sasa" kama mtu anayenipa pole. Wakanitoa getini, wakanipigia kelele kidogo, wakaniambia nisirudi ndani. Video ya Mdomo inaishia kwenye reli wakinitoa, hapo kitambi kinapofika. Kwa hiyo kile ambacho mmekuwa mkiulizana, kama nilipigwa, sikupigwa.

Nikakaa nje ya geti juu ya jiwe, nangoja wenzangu watoke na pesa ya tuktuk, maana zangu zote zilikuwa zimekuwa mabuyu. Kama dakika kumi hivi nikasikia tena "GOOOO!", kubwa kuliko ile ya kwanza, na ngoma juu yake. Soja wangu wawili wakatoka mbio kwenda kutazama. Geti likabaki wazi. Mimi nikakaa palepale kwenye jiwe langu, nikapunga mkono. Nikajiambia, hao ni Arsenal hao, sidanganyiki mara mbili.

Ilikuwa sisi. Kichwa, kutoka kona, dakika ya 88. Nimeambiwa lilikuwa bao zuri, na wote saba waliliona, simu mfukoni, bando zilikuwa zimekwisha. Mdomo ndiye anayelisimulia barazani kila jioni tangu Jumamosi, na kila akisimulia mpira unapigwa kutoka mbali zaidi. Marudio hakuna.

Leo nimerudi na mahamri yangu nikakuta ukumbi unang'aa, umepigwa deki mpaka chini ya makochi. Nimefungua droo, haimo. Kwenye ndoo nje kuna kitu chekundu kimeloweshwa, na ukiinama vizuri unaiona ile nne ya kumi na nne.

Sijauliza.