Kombe Langu Si la Mpira

Mchanga niliotafuna mwaka huu kwa jina la supu ungetosha kupiga lipu ukuta wa choo. Bamvua iliyopita, maji yalipokupwa sana, mama mmoja anayeokota pwani ya Fumba, Unguja, aliniuzia ndoo ndogo ya kombe, wale wanyama wa baharini wenye magamba mawili, na nilipompigia simu shemeji yangu wa bara kumwarifu kwamba nimepata kombe, alinipongeza kwanza, kisha akauliza ni la mchezo gani.

Nilipomuuliza muuzaji namna ya kuwasafisha, alinijibu kama wanavyojibu wote: "Osha vizuri tu, baba." Neno hilo "vizuri" ndilo lililonitia hasara. Niliwasugua magamba kwa brashi hadi yakang'aa, nikawalaza usiku kucha ndani ya maji ya bomba, nao wakafa na mchanga wao tumboni.

Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kombe huishi amejifukia mchangani, akivuta maji ya bahari na kuyachuja, kwa hiyo maji yasiyo na chumvi humuua kabla hajatema kitu. Basi safari ya pili nikateka dumu la lita 10 la maji ya bahari na kupanda nalo daladala, ambamo konda alilitoza nauli yake, kisha akaniuliza kwa upole kama nyumbani chumvi imekwisha.

Usiku niliwaweka juu ya chujio ndani ya beseni, ili wasiurudie uchafu walioutema, nikawafunika kwa kawa, nikalala nikisikia jikoni watu wakitema mate. Alfajiri nikawagonga mmoja mmoja: aliyekuwa wazi akajifumba, huyo mzima; asiyeitikia hodi, nikamtupa. Jirani aliyepita dirishani alinikuta nimechutama mbele ya beseni, nikibisha na kusubiri jibu, akaenda zake bila hata kunisalimu.

Walipochemka na kufunuka, niliuchuja mchuzi wao kwa shashi mara mbili, nikatia tui, tangawizi, ndimu na pilipili. Shemeji akanywa kijiko cha kwanza, akafumba macho kwa raha. Kijiko cha pili kikalia "kruu" katikati ya magego. Tukatazamana. Akatoa mdomoni kitu cheusi, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akaniwekea kiganjani.

Kilikuwa kipande cha kifuu. Nazi niliikuna mwenyewe, na nayo niliambiwa tu niikune vizuri.