Terahetzi kutoka kwa supakondakta: tubishanie joto, sio friji

Kuna wazo la kutengeneza mawimbi ya terahetzi, yanayotetema kama mara trilioni moja kwa sekunde, kwa kutumia supakondakta, yaani vitu ambavyo vikipozwa sana vinapitisha umeme bila ukinzani, na wengi wanalipinga kwa sababu ya hiyo friji ya kupozea. Hesabu ya wazo hili ni tamu, ndo maana wengi tunaipenda. Supakondakta mbili zimetenganishwa na utando mwembamba sana, hiyo ndo jankisheni ya Josephson, ukiipa volti kidogo mkondo unaanza kwenda na kurudi wenyewe na kutoa mawimbi. Milivolti 1 inakupa gigahetzi 483.6, kwahiyo kwa milivolti 2 tu unakaribia terahetzi 1, na ukibadili volti masafa nayo yanasogea. Brian Josephson aliyaona haya kwa hesabu mwaka 1962 akiwa bado mwanafunzi pale Cambridge.

Wanaopinga wana hoja na siwalaumu. Jankisheni moja nguvu yake ni kiduchu, halafu niobi, metali inayotumika sana kama supakondakta, ikifika kama gigahetzi 700 inaanza kumeza mawimbi yake yenyewe. Lakini kuna fuwele ya bismathi, strontiamu, kalisi, shaba na oksijeni ambayo matabaka yake yenyewe ndo jankisheni, yamepishana nanomita 1.5 hivi, yaani kipande chenye unene wa maikromita 1 kinabeba zaidi ya 600 bila wewe kuzitengeneza. 2007 watafiti wa maabara ya Argonne ya Marekani, chuo kikuu cha Tsukuba cha Japani na wenzao wakaonyesha zinaweza kupiga kwa mpigo mmoja, wakapata kama nusu maikrowati. Baadae vipande vitatu kwenye fuwele moja vikapandisha hadi kama maikrowati 600.

Sasa hapa ndo pagumu. Fuwele hii haitoi joto haraka, ukiisukuma umeme zaidi katikati panapata moto mpaka panaacha kuwa supakondakta huku pembeni bado pako sawa, na cha kushangaza hilo doa la moto wakati mwingine linafanya wimbi liwe safi zaidi, kwahiyo hata adui mwenyewe ana faida.

Wengi wanalalamikia friji, mi naona wanalalamikia kisichostahili. Leza za kwantamu kaskedi, ambazo nazo ni chanzo cha terahetzi, zina nguvu kubwa zaidi, sawa, ila nazo nyingi zinataka ubaridi na zikishuka chini ya terahetzi 1 zinahangaika. Vizidisha masafa vya elektroniki, vinavyochukua wimbi la masafa ya chini na kulipandisha, vinafanya kazi bila ubaridi ila kila kimoja na kipande chake kidogo cha masafa, na nguvu inapungua kadri unavyopanda. Kwa kutambua gesi unataka masafa yanayosogea, na hapo fuwele hii inawashinda. Na kwenye darubini kama ALMA kule Chile vipokezi vimeshapozwa hadi kelvini 4 (kama nyuzi 269 chini ya sifuri), friji ipo tayari! Kwa mawasiliano ya mbali hapana, mvuke wa maji hewani unameza terahetzi za chanzo chochote kile.

Kinachonisumbua mimi ni kingine: vipande viwili vilivyokatwa kwenye fuwele ileile, kimoja kinatoa mawimbi vizuri na cha pili kinagoma.