Chatu akikua, mwenyewe ampeleke wapi?

Wiki jana tuko kwenye kahawa hapa Kibokoni kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha vidio ya chatu kule Florida, Marekani, wanaume wanne wamembeba na bado mkia unaburura chini, akasema hawa asili yao walikuwa wa kufugwa majumbani, wenyewe walipochoka nao wakawatupa msituni. Baraza nzima ikawa na jibu moja, kwamba watu hao hawana roho na serikali ipige marufuku kufuga madudu makubwa, yaishe. Nilinyamaza, lakini jambo lenyewe limenikaa tangu siku ile kwa sababu nnaona kuna mtu mmoja hapo hasikizwi kabisa, naye ni yule mwenye nyoka.

Wanaotaka marufuku wana hoja na si ndogo. Chatu hao wa Florida ni chatu wa Burma, nyoka wa Asia, Florida hakuweko. Mwaka 2012 watafiti walilinganisha wanyama walioonekana usiku barabarani mle Everglades, mbuga ya vinamasi huko Florida, kabla chatu hawajaenea na baada ya kuenea, wakakuta rakuni, mnyama mdogo wa kule, wamepungua kwa asilimia 99.3, oposamu, mwengine mdogo wa kule, 98.9, na paka mwitu wa kule 87.5. Hiyo 99.3 ukiisoma haraka inapita tu lakini hebu itulie, maana yake pale ulipokuwa ukiona rakuni mia saa hii hata mmoja hatimii. Mwaka huohuo Marekani ikakataza chatu huyo kuingizwa nchini, na huko Everglades wanamuwinda mpaka leo na hajaisha. Mtu akikwambia ni bora kuzuia kabla, hapo huna la kumjibu.

Kwa hivyo mimi sibishani na namba. Nnachokataa ni kule kuruka kutoka kwenye namba mpaka kwenye roho za watu. Agosti 1992 Kimbunga Andrew kilivunja banda la biashara lililokuwa likizalisha chatu, nyoka wakatoka, na pale hakuna mtu aliyechoka na mnyama wake. Wengine ni kweli waliachiwa na wenyewe, hilo halikataliki. Lakini huyo aliyemuachia umewahi kumfikiria ni nani?

Alimnunua nyoka urefu wa rula mbili. Anakaa kwenye tangi ya kioo juu ya meza, kwa wiki anakula panya mmoja, basi. Muuzaji pengine hata hakumdanganya, alimwambia atakuwa mkubwa, na kijana wa miaka 16 ukimwambia mkubwa yeye anaona ni sifa. Miaka michache baadaye nyoka amepita mita 3, tangi halimtoshi anataka chumba, panya hamshibishi anataka sungura, joto linatakiwa usiku na mchana kwa hivyo stima haizimwi, na daktari aliyezoea paka na mbwa hataki kumgusa.

Na mimi kinachonisumbua zaidi si mita, ni miaka. Chatu wa kufugwa anaishi miaka 20 na zaidi. Chukua huyo kijana wa 16, nyoka atakuwa naye akimaliza shule, akitafuta kazi, akihamia nyumba ya kupanga ambayo mwenyewe hataki hata kuku, akioa na mke akasema chagua mimi au huyo, akipata mtoto anayetambaa sakafuni, na muda wote huo nyoka yuko palepale anataka sungura wake. Nani katika sisi akiwa na miaka 16 aliamua jambo likasimama miaka 20?

Kobe ndiyo zaidi. Sisi Mombasa tunajua, nani hajapeleka watoto Haller Park kumuona Mzee, yule kobe wa Aldabra aliyefanya urafiki na kiboko Owen baada ya tsunami ya Desemba 2004. Wakati ule alikadiriwa miaka kama 130, na madume ya aina yake hufika kilo 250. Sasa Marekani kuna kobe wa Sahel, ukanda wa kusini ya Sahara, anaitwa sulcata, anauzwa akiwa anaingia kwenye kiganja, kisha anapita kilo 50 na anachimba mashimo mpaka chini ya ukuta. Mtu anamnunulia mtoto zawadi ya siku ya kuzaliwa kumbe amenunua mnyama atakayerithiwa.

Florida wamefanya kitu ambacho kwangu kina uzito kuliko marufuku. Wana mpango, ukiwa na mnyama wa kigeni umeshindwa naye unampeleka, huulizwi kibali, hushtakiwi, na yeye anatafutiwa mtu wa kumlea. Kuna wanaolalamika kwamba hivyo ni kuwabembeleza wazembe, mtu atanunua akijua kuna pa kurudisha. Kidogo wako sawa, ndiyo maana huko mwaka 2008 chatu wakubwa walitakiwa kibali na chipu chini ya ngozi ili mwenyewe ajulikane. Lakini adhabu peke yake inamfunza mtu kitu kimoja tu, kumtoa mnyama usiku bila kuonekana.

Haya si ya Florida peke yake. Hapa kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema ukifuga mnyama pori bila kibali ni kosa, na nnaiunga mkono kwa sababu bila hiyo kobe wetu na vinyonga wetu wangekwisha wote kwa kuuzwa. Ila kuna mama jirani yetu alirithi kobe kwa marehemu mamake. Alimlea miaka tisa, kila asubuhi anamkatia sukuma wiki. Alipolazimika kuhama kwenda ghorofa ya tatu hakujua amfanye nini, nikamwambia nenda ukaripoti, akasema nikiulizwa kibali nitasema nini, mwanangu, nifungwe kwa kobe? Jioni moja akamtia kwenye gunia, akapanda matatu, akaenda kumuacha kichakani upande wa Kilifi. Alivyofanya si sawa, kobe wa nyumbani anaweza kuwapelekea maradhi wale wa porini, na yeye mwenyewe hajui kujitafutia.

Lakini mama yule ana roho. Mvua kubwa ikinyesha hunipigia simu mpaka leo, aniulize kama kobe huzama.