Ploti Hii Haiuzwi, Inakatwa

Wenzangu, mimi nilitaka jambo dogo tu: kukata ploti vipande viwili. Sikusema najenga uwanja wa ndege. Huku Njiru nina ploti ya futi 50 kwa 100 niliyonunua na mdogo wangu mwaka 1999, nusu pesa zake, nusu zangu, lakini hatimiliki ikatoka kwa jina langu peke yangu kwa sababu siku ya kutia sahihi yeye alikuwa kitandani na homa. Tangu hapo, kila Krismasi tukikutana ushago, akishashiba nyama ananiuliza, "Kaka, ile nusu yangu imelala vizuri?" Nami humjibu, "Imelala fofofo." Krismasi iliyopita akasema sasa anataka kuiamsha.

Nikadhani ni kazi ya kamba na vigingi vinne. Marehemu baba aligawia watoto sita shamba asubuhi moja tu. Alitembea na panga, akachomeka mti hapa, mti pale, mzee wa kijiji akatema mate chini kushuhudia, na saa nne walikuwa wamekaa wanakunywa uji. Hiyo mipaka ipo mpaka leo, na miti imezaa.

Hapa Nairobi nikaenda ofisi ya kaunti. Kijana wa dirishani, macho yake kwenye simu, akaniambia, "Mzee, kawaone mpangaji, akuchoree."

"Mpangaji ninaye," nikamwambia. "Yuko nyumba ya nyuma, ana deni la miezi miwili, na kuchora hajui."

"Mpangaji wa miji, mzee. Aliyesajiliwa."

Sasa mimi ningejuaje? Kiswahili kimempa jina moja anayepanga chumba na anayepanga jiji. Tofauti niliyoiona baadaye ni kwamba yule wa chumba namdai mimi, huyu wa jiji ananidai yeye.

Akaja, kijana mtanashati, viatu vimechongoka hadi nikahofia kuku wangu. Akapima. Akaniambia ploti yangu si moja ya nane ya ekari. Nikamwambia mimi nimeuziwa moja ya nane, Nairobi nzima ya 50 kwa 100 inaitwa moja ya nane. Akatoa kalamu: ekari ni futi za mraba 43,560, gawa kwa nane, unapata 5,445. Hamsini mara mia ni 5,000. Yaani kuna futi 445 nilizozilipia mwaka 1999 na sijawahi kuzikanyaga. Nikamwuliza ziko wapi. Akasema huenda ziko barabarani. Basi siku hizi nikitembea hapo nje natembea kwa madaha, najua nipo kwangu.

Alikuwa msomi kweli. Akanieleza jiji hili limepangwa mwaka 1948, likapangwa tena 1973, na likapangwa tena 2014. Nikatazama nje: boda boda tatu, mbuzi, tuta la kokoto na lori la kunyonya choo limekwama katikati ya barabara. Nikaona nisimwulize zaidi.

Mchoro wa kwanza aliukata kwa urefu, 25 kwa 100 kila mtu. Vizuri sana, haki bin haki. Nikaukunjua mezani, nikavaa miwani, nikafuata ule mstari mwekundu kwa kidole. Umeanzia getini, ukapita sebuleni, ukapanda kitandani kwetu na kukigawa katikati. Upande wangu nilibaki mimi na taa. Mama watoto, ambaye hulala upande wa ukuta, alikuwa ameangukia kwa shemeji yake. Nikamwambia mpangaji, ndugu yangu, mimi nagawa ardhi tu.

Mchoro wa pili akaukata kwa upana, mbele na nyuma. Mdogo wangu apate nyuma. Lakini nyuma hakuna barabara, na ploti isiyo na barabara haipiti. Kwa hiyo akachora njia ya mita 6 ubavuni mwa ploti yangu. Mita 6 ukizisikia ni kitu kidogo. Ni karibu futi 20! Katika futi zangu 50! Njia ile ikameza banda la kuku, ikameza kamba ya nguo, na ikameza jiko la nje, lile la mabati ambamo mama watoto hupika githeri na chapati. Nikakaa kimya. Nikawaza nitamwambia siku nyingine, siku akiwa na furaha. Maana mtanashati alinikumbusha kwamba kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na ardhi ya familia haihamishiwi mtu bila mke kukubali. Nikapanga nimnunulie leso, nimpeleke akale samaki, halafu katikati ya samaki nimwonyeshe mahali pa kutia sahihi.

Tukapeleka maombi. Kwenye fomu jina langu likafutika, nikawa "Mwombaji". Mwombaji ana hatimiliki? Mwombaji amelipa kodi ya ardhi? Nilijihisi niko mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa na bakuli mkononi.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Ile sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inasema ukiomba kibali na kaunti isikujibu kwa maandishi ndani ya siku 60, ihesabike umekubaliwa. Niliposikia hivyo nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Nikatundika kalenda jikoni, ile ya duka la mbao, nikawa nachora alama kila jioni kama mfungwa. Siku ya 20, kimya. Siku ya 40, kimya. Faili langu lilikuwa linatembezwa kwa watu wa barabara, watu wa maji, watu wa afya, watu wa upimaji, kila mmoja atoe maoni yake. Lilikuwa limeuona mji huu kuliko mimi. Siku ya 55 nikaanza kuwasalimu majirani kwa sauti ya mwenye ploti mbili.

Siku ya 58 ikaja barua. Kurasa mbili, muhuri wa zambarau. Mchoro hauna mshale wa kaskazini.

Ndugu zangu, kaskazini! Mimi nimeishi pale miaka yote na kaskazini haijawahi kuhama. Watu wanne wamelisoma lile faili, na aliyeuona ule mshale haupo aliuona siku mbili kabla ya mimi kushinda. Chini yake kukaandikwa pia kwamba ubao wa tangazo haujasimamishwa kwenye ploti. Tusahihishe, turudishe, hesabu ianze moja.

Na wakati mimi natafuta kaskazini, jirani yangu wa kushoto anajenga. Ubao wake unasema ghorofa nne. Mimi si mhandisi, lakini kuhesabu najua, nimehesabu kutoka chini kwenda juu na kutoka juu kuja chini: ni saba, na vyuma vimetokeza juu kuonyesha safari bado. Jua la asubuhi lilinihama mwezi Machi. Nguo zikianikwa Jumatatu zinakauka Alhamisi. Wakati mmoja kanjo, wale askari wa kaunti, walikuja wakamchorea X nyekundu ukutani, kubwa, mtaa mzima tukatoka kuitazama. Ijumaa hiyo. Jumapili tukitoka kanisani ukuta umepakwa rangi ya maziwa, X imeokoka.

Kanjo walewale, Ijumaa ile ya X, waliponiona nimesimama nikichekelea, mmoja akauliza, "Na hili banda la kuku lina kibali?" Nikadhani ni mzaha. Akachora X. Kwa banda! X ilikuwa kubwa kuliko mlango wa banda, jogoo akakataa kuingia siku mbili. Nikaenda kumwuliza mtanashati, akanisomea kwamba kuendeleza ardhi bila kibali ni kosa, faini yake hufika shilingi 500,000 au kifungo cha miezi miwili, au vyote viwili. Kuku wangu ni 11. Hata nikiwauza na mayai waliyonuia kutaga, faini haifiki robo. Nikaona itabidi niende kifungo pamoja na jogoo.

Basi nikasimamisha ubao. Nilimpa kazi fundi anayechora mabango ya vinyozi, ndiyo maana pembeni ya tangazo kuna kichwa cha kijana aliyenyolewa panki; alisema hakitatoza ziada. Maneno yenyewe ni ya kisheria: mwombaji anakusudia kugawa ploti, mwenye pingamizi apeleke kwa maandishi ndani ya siku 14. Tatizo ni kwamba nyuma ya ubao, ukutani, kuna yale maandishi yangu ya zamani ya kuwafukuza matapeli: PLOTI HII HAIUZWI. Ukisimama barabarani unayasoma yote mawili kwa pamoja.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri broka wa kwanza alikuwa getini. "Mzee, nimeona umeamua." Saa mbili walikuwa wanne. Mmoja alikuja na mteja na gari na mtoto wa mteja, mtoto akaingia akauliza chumba chake kitakuwa kipi. Mhubiri wa hema la pale kona akaja kuniombea nusu moja iwe ya Bwana. Muuza mayai ya kuchemsha akauliza kama barabara mpya itakuwa na kona nzuri ya biashara. Mzee wa mtaa akaja akakaa, akanywa chai vikombe viwili, akasema hakuja kwa ubaya, alikuja kushirikishwa. Umma wote ulishirikishwa. Sukari ikaisha.

Mama watoto siku hiyo alikuwa Kariobangi sokoni. Alirudi jioni, akasimama mbele ya ubao na mfuko wa viazi mkononi. Nikamwona kupitia dirishani. Alisoma polepole, akasogea karibu, akautazama na ule mchoro mdogo uliobandikwa chini, kidole chake kikafuata ile njia ya mita 6 kutoka getini mpaka jikoni kwake, kikasimama hapo. Halafu akaingia ndani. Akapika. Akapakua. Akaniuliza kama chumvi imetosha. Nikashukuru Mungu, nikasema moyoni huyu mwanamke ameelimika.

Siku ya 13 simu ikalia. Mwombaji afike ofisini, kuna pingamizi moja. Nikajua ni huyo wa ghorofa saba, nikaenda nimejaa hasira, hotuba nimeipanga ndani ya matatu tangu Njiru hadi mjini. Afisa akanisogezea barua. Karatasi ya daftari la watoto, mistari myembamba ya bluu. Nikaanza kusoma, nikasita kwenye herufi. Ile "g" yenye mkia unaojipinda kushoto mimi naijua. Ndiyo ile ninayotumwa nayo dukani kila Jumamosi: *unga kilo 2, sigara usinunue*.

"Mimi, mkazi wa ploti hii tangu 2001," ilisema, "napinga mapendekezo haya kwa sababu barabara imepitishwa jikoni kwangu, ninapompikia mwombaji mara tatu kwa siku, naye hajawahi kuomba kibali."

Afisa alikuwa ameuma midomo, mabega yanatikisika. Akajikaza, akasema utaratibu ni kwamba mwombaji ajibu pingamizi kwa maandishi, kisha aketi na mpingaji waelewane, halafu walete waliyoafikiana.

Nikarudi nyumbani. Nikaanza, "Mama watoto, hebu tuongee." Akasema suala hilo liko mbele ya kaunti na yeye hawezi kulizungumzia akikoroga ugali. Nikaandika barua, nakala mbili, nikaisukuma chini ya mlango wa jiko. Baada ya dakika tano nakala yangu ikarudi: "Imepokelewa", tarehe, sahihi, na doa la mafuta mahali pa muhuri. Hiyo ni wiki ya pili sasa. Nimemwuliza mtanashati kama mke naye akipitisha siku 60 bila kujibu huhesabiwa amekubali. Alicheka sana. Hajaoa.

Jana usiku mdogo wangu akapiga simu. "Kaka, vipi, nusu yangu imeamka?"

Nikatoka nje mpaka kwenye banda, nikaziba mdomo kwa kiganja. "Teremsha sauti," nikamwambia. "Imeamka, imekasirika, na iko jikoni."