Kabla jiriwa haijayeyushwa: anzia skrepa, dukani baadaye

Kijana akitoka chuo cha ufundi na cheti chake mkononi, ushauri anaopewa na karibu kila mtu ni uleule: tafuta mtaji, nenda Kariakoo, nunua seti mpya ya vyombo. Anarudi na boksi la plastiki lenye rangi ya kuvutia. Ndani kuna spana ambazo midomo yake inapanuka kwenye boliti ya kwanza yenye kutu, bisibisi zinazopinda, na drili ya bandia iliyobandikwa jina la kampuni ya Kijapani. Kabla mwaka haujaisha yuko tena dukani ananunua vilevile vitu. Rahisi ghali, na anayelipa ni yule asiye na cha kulipia.

Mimi nasema tofauti, na nalisema nikimaanisha: kijana huyo aanzie skrepa. Aende kwenye mizani ya vyuma chakavu, kwa fundi mzee anayefunga karakana, kwenye mnada wa taasisi inayoondoa mali zake. Fedha ya boksi moja la plastiki inaweza kumpatia jiriwa (kile chuma cha mezani cha kubania kazi), randa na nyundo ambazo atazitumia mpaka naye astaafu.

Vyombo hivyo havikutoka hewani. Nchi hii ilikuwa na karakana nyingi kuliko vijana wanavyodhani. Mashamba ya mkonge ya Tanga yalikuwa na mafundi wao wa chuma na wa mbao, na reli nayo ilikuwa na wake. Shule za sekondari za ufundi zilifungiwa jiriwa mezani safu kwa safu. Kule Mang'ula, Kilombero, Wachina waliojenga reli ya TAZARA waliacha karakana kubwa ya mashine, na Hai mkoani Kilimanjaro kikajengwa kiwanda cha KMTC, kwa msaada wa Bulgaria, kwa kazi ya kutengeneza mashine zenyewe za karakana. Mashamba yalipodorora na viwanda vingi kufungwa, vyombo vilitawanyika. Vingine viliingia kwenye nyumba za waliokuwa wafanyakazi, vingine vikalala stoo, na sasa wenyewe wanazeeka na kufariki na wajukuu wanasafisha banda.

Hapo ndipo anapopita kijana wa kununua vyuma chakavu na mkokoteni wake. Yeye hanunui randa wala jiriwa, ananunua kilo. Jioni anapeleka kwenye mizani, mwenye mizani anajaza lori, na lori linaelekea kwenye tanuri la kiwanda cha nondo. Jiriwa iliyodumu miaka 50 na yenye uwezo wa kudumu mingine 50 inageuka kipande cha nondo. Kila nikiwaza hilo naumia, kwa sababu kwenye mtaa huohuo kuna kijana anayeshikilia bomba kwa mguu wake akilikata kwa sababu hana jiriwa.

Bei nzuri ipo hapo kwenye mizani, kabla ya lori. Anayepanga bei kwa uzito hajali kazi ya kitu, wewe unajali. Lakini bila jicho utabeba takataka, kwa hiyo nieleze ninavyoangalia.

Jiriwa kwanza, maana ndiyo mkono wa tatu wa fundi. Usitishwe na kutu ya juu. Ifungue mpaka mwisho utazame meno ya skrubu yake, hasa sehemu inayofanya kazi wakati taya zikiwa karibu kufungana, kwa kuwa hapo ndipo inapolika kuliko kwingine. Kisha isogeze huku na huku. Mchezo kidogo ni wa kawaida, lakini taya ikiyumba kama jino bovu, iache. Jiriwa nyingi za zamani ni za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na chuma cha namna hiyo hupasuka badala ya kupinda. Iinue kidogo, igonge kwa nyundo ndogo na usikilize: iliyo nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti ya kufa. Tafuta alama za kuchomelea chini na nyuma ya taya. Iliyoungwa kwa shaba na mtu anayejua kazi inaweza kufaa kwa kazi nyepesi. Iliyochomelewa kwa vijiti vya kawaida vya geti itarudi kupasuka pembeni mwa ule mchomo. Bati za meno zikiwa zimeisha, hiyo isikuzuie, kwani kwa kawaida zimefungwa kwa skrubu mbili na fundi yeyote wa kukereza atakuchongea mpya. Ukikuta imeandikwa jina la kampuni ya Record na Made in England, na mwili ni mzima, lipa uondoke nayo.

Randa ya chuma nayo ni hazina. Stanley namba 4 na namba 5 ndizo zinazofaa zaidi kuanzia. Angalia kwanza mdomo wa chini pale kisu kinapotokea, maana randa iliyoanguka sakafuni hupasuka hapo, na ufa wa hapo hauna dawa ya bei ndogo. Angalia kisu kimebaki urefu gani. Mpini wa mbao ukivunjika, wewe si seremala? Chonga mwingine. Sehemu ya chini ikiwa imepinda kidogo, bandika msasa juu ya kioo kinene na uisugue taratibu hadi ikae bapa.

Kutu ndiyo inayowafukuza wanunuzi wengine, na kwa hiyo ndiyo rafiki wa mfuko wako. Kwa vipande vidogo, loweka kwenye siki usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, kausha kabisa, paka mafuta. Kwa kitu kikubwa, umeme hufanya kazi nzuri zaidi: ndoo ya plastiki, maji yenye magadi, chaja ya betri ya gari. Waya wa hasi unashika chombo chenye kutu, waya wa chanya unashika kipande cha chuma chakavu, na hivyo viwili visigusane. Fanya nje, mbali na moto, kwa sababu gesi inayotoka ni haidrojeni na inawaka. Na kile chuma cha upande wa chanya kisiwe cha pua kabisa, maana kinatia sumu kwenye maji. Kwa njia hii kutu huachia bila kula chuma kizima kilichobaki.

Spana zinahitaji tahadhari ya aina yake. Spana za Kiingereza za zamani ni nzito, zimefuliwa vizuri, na mara nyingi ziko lundo zima kwa bei ya chini. Zimeandikwa W au BS, vipimo vya Whitworth, na haziingii sawasawa kwenye boliti za Toyota wala za pikipiki. Zinunue kama una kazi na mashine kuukuu za Kiingereza. Kama huna, bado ni chuma kizuri cha kufulia patasi na tindo, lakini usizihesabu kama spana zako. Na tupa, ile ya kusugulia chuma, ikiisha meno haifufuki, ila ni chuma kigumu cha kutengenezea kisu au kikwaruzo.

Sasa umeme, ambako watu wanaumia zaidi kuliko kokote. Kontena za mitumba zinaleta vyombo kutoka Japani, Uingereza na Marekani, na kila nchi ina umeme wake. Wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Vile vyombo vya Uingereza vyenye plagi ya duara ya njano ni vya volti 110, vya kwenye maeneo ya ujenzi. Ukivichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani vinakufa hapohapo. Havina ubaya ukiwa na transfoma ya kushusha umeme, mradi iwe na nguvu kuzidi ya chombo. Kwa grainda ya wati 1000 mimi singetumia transfoma ya chini ya wati 1500. Piga hesabu ya transfoma hiyo kabla hujashangilia bei.

Hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, nazo zina neno. Grainda na drili za mkono zenye brashi za kaboni hazijali hezi. Lakini drili ya kusimama au msumeno wa meza wenye mota isiyo na brashi, iliyotengenezwa kwa hezi 60, itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita hapa kwetu, na itapata joto zaidi. Osaka ni hezi 60, Tokyo ni 50, kwa hiyo kusema tu "ni mali ya Japani" hakukusaidii. Soma kibati cha mota. Muuzaji wa mtandaoni akikutumia picha kumi za rangi na hakuna hata moja ya kibati, mwombe, na akikwepa, endelea na safari yako.

Na hapa kuna bei nzuri kuliko zote ambazo mafundi wengi wanaziruka: mashine za fezi tatu. Mashine ya kuranda, drili kubwa ya kusimama, msumeno wa ukanda, zinakaa miezi bila mnunuzi kwa sababu vibanda vingi vina fezi moja. Muuzaji anachoka, bei inashuka. Siku hizi kuna kifaa cha kielektroniki cha kuendeshea mota, VFD, kinachopokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti hizohizo. Kibati cha mota kikisomeka volti 230/400 au 220/380, mota hiyo inaweza kufungwa delta (namna mojawapo ya kuunganisha nyaya zake) na kuendeshwa hivyo. Kikisomeka 400/690, mpango huo haupo, labda ubadilishe mota nzima. Ujumlishe bei ya mashine, ya VFD na ya fundi umeme anayejua kazi hiyo, halafu ulinganishe na mashine mpya nyepesi ya bati. Mara nyingi ile ya zamani inashinda, na uzito wake wenyewe unatuliza mtikisiko wakati wa kazi. Uliza pia kama nyaya za ndani ya mota zimewahi kusukwa upya na nani alizisuka. Iwashe, iache izunguke dakika kadhaa, iguse beringi zake, inuse.

Vipo vitu ambavyo sitamshauri mtu avinunue vikiwa vimetumika, hata akipewa nusu bure. Mawe na diski za grainda: diski za kukatia huwa na tarehe ya mwisho kwenye ile pete ya chuma katikati, na iliyopitwa au iliyolowa inaweza kusambaratika usoni. Mipira na regula za gesi. Minyororo ya kuinulia mizigo. Drili za betri, kama betri zenyewe zimekufa, maana bei ya betri mpya inakaribia bei ya chombo. Tangi la kompresa nalo linaliwa na kutu kwa ndani usikoona. Likikushawishi sana, lijazwe maji na kupimwa kwa mgandamizo wa maji kabla halijatiwa hewa.

Minada niipite haraka. Taasisi za umma hutangaza magazetini mali zinazoondolewa, na zinauzwa kama zilivyo, mahali zilipo. Nenda siku ya kukagua, si siku ya mnada. Mafungu yenye mchanganyiko wa viti vibovu na mashine moja nzuri ndiyo yanayosahaulika. Jua pia una siku ngapi za kuondoa mzigo, na lori litakugharimu nini. Kariakoo na Gerezani, ukiongozwa na winga, yaani dalali wa kukutafutia bidhaa, bei ya winga imo ndani ya bei yako. Zunguka mwenyewe.

Kuna jambo linalonigusa zaidi ya bei. Grainda nzima, safi, namba zake zimekwanguliwa, inauzwa jioni na mtu asiyejua hata jinsi ya kubadilisha diski yake: hiyo imeibwa kwa fundi mwenzako, na leo amelala bila kazi. Usiinunue. Kenya mwaka 2022 serikali ilifikia kusimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa, na waliokuwa wanafanya kazi halali waliumia pamoja na wezi. Omba risiti, na kama hakuna, andikishaneni mbele ya shahidi, jina, namba ya simu na namba ya chombo.

Na mjane wa fundi akikuonyesha sanduku la marehemu na kusema "nipe chochote, mwanangu", usichukulie neno hilo ukampa bei ya kutupa. Mwambie kila kitu kinaitwaje na kinauzwaje, kisha mpe bei ambayo ungeona haki mtu angempa mama yako. Kwenye mizani tunashindana na tanuri, lakini pale sebuleni hatushindani na mtu.

Uingereza, kwa zaidi ya miaka 40, watu wa kujitolea wa shirika la Tools for Self Reliance walikusanya vyombo vya mkono vilivyokwishatumika, wakavikarabati, wakavituma Afrika, Tanzania ikiwemo. Nawashukuru. Lakini inakuwaje jiriwa isafirishwe kwa meli kutoka huko, na nyingine kama hiyo ipelekwe tanurini hapa? SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, iko mikoani, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina walimu na wanafunzi wanaohitaji vitu vya kufanyia mazoezi. Wakikubaliana na wenye mizani watenge vyombo vizima pembeni, wavilipie kidogo zaidi ya bei ya kilo, wanafunzi wavikarabati kama sehemu ya masomo, kila mhitimu angeweza kutoka chuoni na chombo alichokifufua mwenyewe.

Hilo likisubiriwa, unaweza kuanza wewe na mwenye mizani wa mtaani kwako. Mwachie picha za jiriwa, randa, fuawe na keekee ya mkono kwenye simu yake, na ahadi ya kulipa zaidi ya kiwanda. Mimi ninao kadhaa wanaonipigia, na wakipiga naenda siku hiyohiyo, kwa sababu lori halisubiri.