Foleni ya Mbagala yanikuta Leicester

Nyie mliozoea kulala na redio pembeni ya kitanda mtanielewa, wengine nivumilieni tu. Nilikuwa na Squeezebox Radio ya Logitech, kidude cha mwaka 2009, kina spika moja na kiskrini kidogo, kinashika waifai halafu unasikiliza stesheni yoyote duniani umelala zako, bila simu bila kompyuta. Logitech waliacha kuzitengeneza 2012, na 2024 ile huduma yake ya mtandaoni nayo ikazimwa, ila wapenzi wake ni wabishi, programu ya seva wanaiendeleza wenyewe kwa kujitolea, siku hizi inaitwa Lyrion. Kwa hiyo yangu ilikuwa inadunda tu hapa Leicester, Uingereza, usiku nasinzia na redio ya Dar, alfajiri inaniamsha niwahi zamu ghalani. Mpaka kitinda mimba wangu alipoinywesha chai ya maziwa.

Mpya dukani haipo, ikabidi nitafute mbadala. Simu mke wangu aliipiga marufuku chumbani siku nyingi, na simlaumu, maana magrupu ya ukoo hayajui kama kukikucha Dar huku bado usiku mkubwa, saa nane unusu ndo maua na "asubuhi njema wapendwa" yanaanza kumiminika. Nikanunua spika janja, zile za kuongea nazo. Nikaiomba Msondo Ngoma, ikanijibu kwa adabu zote kwamba imeongeza maembe kwenye orodha ya manunuzi. Nikarudia kwa kupandisha sauti, ikaongeza mengine.

Ndo nikamtafuta mpwa wangu wa Kinondoni, fundi wa kompyuta, au anavyojiita yeye. Akasema anko hiyo kazi ndogo sana, nunua Raspberry Pi 4, kikompyuta kidogo cha kuenea kiganjani, tia piCorePlayer, programu ya kukigeuza redio, kwenye memori kadi, ndani yake unawasha na hiyo Lyrion yenyewe, halafu chomeka spika yoyote uliyonayo. Spika niliyokuwa nayo ni sabufa. Pa kuiweka hakuna, ikaingia chini ya kitanda. Pi haikuja na chaja, tukachukua ya simu, na kwa wakati huo chaja nzima nyumbani ilikuwa hiyo hiyo moja, watoto wanazitafuna zile nyaya sijui wanashibia nini. Jamaa akaingia kwenye laptop yangu akiwa huko huko Kinondoni, akabofya bofya, alamu akaweka saa kumi na moja na nusu alfajiri, sauti sitini kama nilivyozoea kwenye ile ya zamani. Sitini ya kile kidude ilikuwa mnong'ono bwana. Akasema anko lala sasa, utajisikia uko nyumbani.

Nikalala. Kitu cha kwanza kusikia ni kitanda kinatetemeka, halafu mtangazaji yuko chini ya mgongo wangu anatuhimiza tuamke tuwahi, magari Mbagala Rangi Tatu yameshaanza kusimama. Mke wangu aliruka akawa amesimama kabla hajafungua macho. Nikapapasa ukutani nikang'oa waya.

Sasa hapo ni Januari, mnajua Januari ya Uingereza, jua linatoka saa mbili asubuhi likijisikia, kwa hiyo giza la saa nane na giza la kumi na moja ni giza moja, halina lebo. Simu zote zimekufa chaji. Saa ya jiko inapepesa sifuri toka tuhamie. Sote tukaamini alamu, nani abishane na sabufa? Nikaoga, nikavaa jaketi la kazi, nikabeba kontena langu la wali maharage, nikatoka. Mke wangu nyuma anapiga pasi sare za watoto.

Kituoni basi halipo. Nikasimama. Barafu inapanda miguuni, nawalaani kimoyomoyo kwamba siku hizi na wao wanachelewa kama daladala. Wakapita wanafunzi wa chuo wametoka klabu, wanakula chipsi barabarani, mmoja hata viatu hana kaviweka kwapani. Nikawashangaa vijana wa sasa jamani, wanaanza kulewa asubuhi asubuhi! Nikamuuliza mmoja saa ngapi, akatoa simu: saa tisa na dakika kumi za usiku. Akaliangalia jaketi, akaliangalia kontena, akanipa chipsi mbili kwa huruma.

Nikakimbia nyumbani. Watoto wamevaa sare na mabegi mgongoni, wanakunywa uji, mkubwa ananiuliza baba mbona umewahi kurudi. Na mlangoni kasimama jirani yetu wa ukuta, bibi mmoja Mgujarati mzaliwa wa Jinja, katika wale Wahindi Idi Amin aliowafukuza 1972 na wengi wakaishia mji huu. Nikaanza kuomba radhi, shikamoo bibi, nisamehe sana. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Mimi iko lala, nasikia mtu kwa ukuta nasema Kiswahili. Nafikiri basi, nimekufa. Lakini nashangaa, mbona huku mbinguni pia iko foleni?"

Chaja ikarudi kwenye simu, nikampigia mpwa palepale, kwake kumeshakucha. Kumbe kwenye mipangilio ya saa kaniwekea Dar es Salaam! Kumi na moja na nusu ya kwao, kwetu saa nane na nusu. Kile kidude cha Pi hakina skrini, ningejuaje mimi. Nikafoka weee, akanisubiri nimalize, akasema anko si tulikubaliana ujisikie uko nyumbani?

Kashabadilisha, kaweka London, na sabufa imehamishiwa sebuleni kwa amri ya mama mwenye nyumba. Ila bibi naye sasa anataka ya kwake, ya stesheni za Jinja, anasema sauti ile ile usipunguze. Mpwa kamtumia bei. Ya ufundi sina neno, lakini kapiga na nauli, na hatoki Kinondoni.