Nane Nane ya Mkulima au ya Mgeni Rasmi?

Mwaka huu nilikwenda maonesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, hapa Mbeya, nikarudi nimefura. Wala si kwa sababu ya vumbi, bei ya chipsi au spika za mabanda zinazoshindana kutupasua masikio. Hayo tumeshayazoea.

Vipando, yale mazao ya mfano yanayopandwa kwenye mabanda, ndivyo vilivyonitibua. Kwenye banda moja, mahindi yamesimama kijani kibichi, mwezi wa nane, wakati mashambani kwetu yamebaki mabua matupu. Kibao kimetaja aina ya mbegu, tarehe ya kupanda na nafasi, sentimita 75 kwa 30. Basi. Mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, akamuuliza kijana aliyevaa fulana mpya: "Mwanangu, hapa mbolea mmetia mifuko mingapi? Na maji yamewagharimu kiasi gani?" Kijana akatabasamu, akampa kipeperushi. Cha Kiingereza! Mama hajakifungua hata, akaambiwa asogee pembeni, mgeni rasmi anakaribia.

Yaani sikukuu ya wakulima, na anayesogezwa ni mkulima.

Nyuma ya mahindi yale mpira wa maji ulikuwa bado unavuja. Samadi imeletwa na gari, palizi kuna mtu wa kuifanya. Kwa mtindo huo hata mimi ningevuna. Mkulima wa Mbozi anajua fika kwamba ukitia mbolea ya DAP wakati wa kupanda, ukaja na urea ya kukuzia, na mvua isipokutupa, mahindi yatazaa. Hakupanda gari kuja kuambiwa hilo. Anataka kujua kama yatarudisha hela yake, maana anauza wakati kila mtu anauza, na bei imelala. Kipando kisicho na hesabu ni bustani ya kupigia picha. Kuhusu lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo, sitasema kitu. Banda lake sikuliona.

Haya, nisiwe mchoyo wa sifa. Mbegu ni afadhali uinunue pale kwa wenyewe kuliko kubahatisha feki za dukani. Na upande wa mifugo nilifurahi kweli. Mfugaji mmoja kutoka Rungwe alikuwa na ng'ombe wake wa maziwa, akimwaga kila kitu: pumba anapata wapi, mashudu kiasi gani, dawa ya kupe, lita za asubuhi na za jioni, mnunuzi anamlipaje, na ndama aliyemfia kwa uzembe wake mwenyewe. Watu walimzunguka, wengine wanaandika viganjani. Msafara wa mgeni rasmi ulipopita, hakuna aliyegeuka.

Kwa hiyo mwakani, wakubwa, ongezeni mstari mmoja tu kwenye vibao vyenu: jumla ya gharama. Wekeni na posho ya aliyekuwa akifungua maji kila asubuhi. Nafasi ikikosekana, punguzeni kaulimbiu, ndiyo iliyokula nusu ya kibao.